Friji lilivyotusukumisha gari Seronera

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kempu ya Pimbi, Seronera, katikati ya Serengeti. Wageni wanne wameshakunywa kahawa, kamera zinaning'inia shingoni, mpishi ameshapanga lanchi boksi kwenye siti ya nyuma. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik, na taa za dashibodi zikafifia. Mbali kidogo simba alikuwa ananguruma, na ndiye hasa tuliyepanga kumuwahi kabla jua halijawa kali.

Mpishi wetu ni mtu mzima, amepika porini tangu mimi niko shule ya msingi. Akaja taratibu na kikombe chake mkononi, akachungulia nyuma ya gari, akasema, "Mwanangu, hilo jokofu lako limekunywa betri yote."

Tukasukuma. Wageni walifurahi mno, mmoja akarekodi video huku anasukuma kwa mkono mmoja. Land Cruiser ya dizeli ya gia za mkono ikipata kamteremko huwaka hata betri ikiwa hoi, kwa hiyo tuliondoka. Lakini mimi dereva sikucheka. Mwongozaji anayesukumisha wageni gari ndani ya hifadhi ana jambo la kwenda kurekebisha.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia deli kama kila mtu. Unanunua barafu Arusha, unaongeza Karatu, ukifika Serengeti siku ya tatu nyama inaogelea kwenye maji ya uvuguvugu na siagi imekuwa mafuta. Basi nikasikia kuna mume na mke wa Kizungu wamemaliza safari yao ya Afrika, wanauza vitu kabla ya kupanda ndege. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na friji la karavani, yaani friji la kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa nyuma ya gari. Wakaniambia linatumia njia tatu: gesi, umeme wa nyumbani wa volti 230, na volti 12 za gari. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Sikuuliza kwa nini lina njia tatu badala ya moja inayotosha.

Sababu nimeijua baadaye, na ningeijua mapema nisingesukuma gari. Friji la namna hiyo halina kompresa, ile pampu ya mota iliyo kwenye friji la kawaida. Ndani ya mabomba yake kuna maji na amonia. Unapopasha moto sehemu ya chini, amonia inajitenga na maji, inapanda juu, inapoa, kisha inashuka ikifyonza joto la ndani ya friji, halafu inarudi kwenye maji na mzunguko unaanza upya. Hakuna mota wala kelele. Ila linahitaji moto muda wote, na moto wa umeme unakula kweli. La kwangu lilivuta amp 10 likiwa kwenye volti 12, mfululizo, halipumziki. Kwenye karavani hilo si tatizo: gari likitembea alternata, ile mashine ya kuzalisha umeme kwenye injini, inalilisha, ukifika kempu unalihamishia kwenye gesi au kwenye umeme wa ukutani. Volti 12 ni za kulishikilia baridi njiani tu. Mimi nililiacha kwenye volti 12 tangu saa kumi na mbili jioni. Fanya hesabu: amp 10 kwa saa kumi na moja ni zaidi ya amp-saa 100, na betri yangu ya kuwashia gari ilikuwa ya 70. Kwa vyovyote ilikwisha kabla ya alfajiri.

Nilijaribu na gesi, nisije nikaonekana nimekata tamaa haraka. Ndani ya gari huwezi, utajaza hewa chafu mahali watu wanapokaa, na likiwa linatembea ndiyo hatari zaidi. Nikawa nalishusha kempu na kuliweka kwenye jiwe. Hapo nikajifunza kwamba lisipokaa sawasawa kama meza, ule mzunguko wa amonia unakwama, maana unategemea maji kushuka yenyewe. Tarangire mchana wa joto halikupoza cha maana. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, hewa ni nyepesi na moto wa gesi ulikuwa dhaifu, ila kule baridi ya usiku ni kali kiasi kwamba hata siagi ukiiacha mezani inabaki jiwe.

Niliporudi Arusha nikaenda Unga Limited kwa fundi umeme wa magari ninayemwamini. Yeye hakugusa friji kwanza. Alifuata waya. Niliuunga mwenyewe kutoka tundu la kiberiti cha sigara pale dashibodini, waya wa milimita za mraba 1.5, umepita chini ya zulia mpaka nyuma kabisa. Gari letu limerefushwa, kwa hiyo ni kama mita sita kwenda na sita kurudi. Akapima kwenye betri: 12.4. Akaenda nyuma kwenye plagi, friji likiwa linafanya kazi: chini ya 11. Volti moja na nusu imepotelea njiani, imegeuka joto chini ya zulia. Plagi ya kiberiti yenyewe ilikuwa ya moto, plastiki imeanza kulegea. "Kijana," akaniambia, "unanywesha ng'ombe kwa mrija wa soda."

Hilo ndilo ningependa dereva mwenzangu alishike kuliko yote mengine. Watu wengi ninaokutana nao Naabi, geti la kuingilia Serengeti, wanalalamikia friji, wanabadilisha friji, wanabadilisha betri, na waya ni uleule mwembamba. Friji la kisasa lina ulinzi wa betri: likiona volti zimeshuka linajizima. Sasa kama waya unapoteza volti moja, friji linadhani betri imekwisha wakati bado ina nusu. Unaamka asubuhi maziwa yamechacha na betri ni nzima. Tuliweka waya wa 6, moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi karibu kabisa na betri na si upande wa friji, na plagi ya kukaza kwa skrubu badala ya ile ya kiberiti ambayo barabara ya mawimbi huitikisa mpaka inachomoka.

Friji lenyewe nilibadilisha pia, nilichanga miezi kadhaa. Nikanunua la kompresa, lita 40, la kufungua kwa juu. Kwa klampu mita ya fundi, kile kipimo cha amp kinachobana waya, linavuta amp 4 likiwa linazunguka, na halizunguki muda wote. Usiku linafanya kazi kama theluthi ya muda, mchana wa Seronera karibu nusu. Kwa siku nzima linakula kati ya amp-saa 35 na 40. La njia tatu lilikula kiasi hicho kwa saa nne.

Betri ya pili ndiyo iliyonipa usingizi. Ni ya amp-saa 100, ya aina inayovumilia kushushwa chaji, tumeifunga nyuma ya siti kwenye boksi la chuma. Kati yake na betri ya kuwashia kuna rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe kwa kusikiliza volti: injini ikiwaka na alternata ikapandisha volti juu ya 13.3 inaziunganisha, injini ikizimwa na volti zikashuka mpaka 12.8 inazitenganisha. Friji linaweza kuimaliza ya nyuma yote, ya mbele haiguswi. Gari letu ni la zamani, alternata yake inachaji bila ujanja. Haya magari mapya ambayo alternata hujipunguza yenyewe kuokoa mafuta yanahitaji chaja maalumu ya katikati, rilei peke yake haitoshi. Na betri hizi za risasi sishushi chini ya nusu. Ikipumzika ikasoma 12.2, hapo natafuta jua au nawasha injini.

Jua nalo lina vituko vyake. Niliweka paneli ya wati 120 juu ya paa. Saa sita mchana, ikiwa safi, inatoa amp 6 hivi. Tatizo ni kwamba dereva mwenye akili anaegesha chini ya mgunga ili gari lisiwe tanuri, na paneli kivulini haitoi kitu. Ukiegesha juani paneli inafanya kazi, na friji nalo linafanya kazi mara mbili. Nikanunua paneli ya pili ya kubeba, yenye waya mrefu, gari kivulini na paneli juani. Siku ya kwanza nyani dume akaja akaikalia, akajinyoosha kama yuko sebuleni kwake. Sasa kuna kijana wa kempu ambaye kazi yake mojawapo mchana ni kumfukuza huyo bwana. Na vumbi: kitambaa chenye maji kila jioni, la sivyo hesabu yote inaharibika.

Mambo mengine ni ya jikoni zaidi kuliko ya umeme. Nyama naigandisha nyumbani siku mbili kabla, inaingia kwenye friji ikiwa jiwe na inasaidia kupoza vingine. Soda za moto haziingii kabisa. Chupa kumi na mbili za moto zitaifanya kompresa izunguke usiku kucha. Soda, bia na maji vinakaa kwenye deli lilelile la zamani, na barafu ya Karatu, maana ndivyo wageni wanavyofungua kila dakika. Nyuma ya friji, kwenye matundu ya hewa, nimewakataza watu kuweka shuka na mabegi. Mara moja mtu aliweka blanketi hapo na friji likawa linazunguka bila kukoma mpaka nilipoligusa na kulikuta limechemka.

Mwaka jana tulipata mgeni wa kisukari aliyekuja na insulini yake ya wiki mbili. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika, haifai tena hata ikiyeyuka. Chini ya friji langu, karibu na ukuta, kipimajoto kilionyesha chini ya sifuri ingawa skrini ilisema 3. Nikaifunga kwenye taulo, nikaiweka kwenye kikapu cha juu pamoja na kipimajoto, kikawa kinasoma 5. Kila jioni mgeni alikuja kuangalia mwenyewe, na kila jioni nilimwonyesha kabla hajauliza.

Lile friji la karavani halikutupwa. Liko dukani kwa mama, limechomekwa ukutani, na umeme ukikatika analihamishia kwenye gesi. Amelikalisha sawasawa kwa kisoda chini ya mguu mmoja. Juisi zake zinapoa vizuri, na anasema analipenda kwa sababu halipigi kelele.