Jinsi nilivyoinyoosha ripoti ya utafiti wangu wa mwani
Rasimu ya ripoti yangu kuhusu ukuaji wa mwani aina ya kotonii na spinosamu, katika pwani ya mashariki ya Unguja, ilirudishwa na msimamizi ikiwa na swali moja pembeni: “Umegundua nini?” Takwimu zote zilikuwamo, ila matokeo na mjadala vilichanganyika kiasi kwamba msomaji hakuweza kutofautisha nilichokipima na nilichokidhani.

Niliuweka utangulizi kando, nikaanza na grafu. Kwa kila grafu niliandika sentensi moja kamili inayosema kilichoonekana, kwa mfano: “Kotonii ilikua polepole zaidi kadiri joto la maji lilivyopanda.” Sentensi hizo, zilipopangwa kwa mfuatano, ndizo zilizozaa sura ya matokeo; maelezo ya sababu, pamoja na kila “huenda”, niliyahamishia kwenye mjadala. Katika mbinu niliongeza kanuni ya kukokotoa ukuaji kwa asilimia kwa siku, kwa kuwa uzito wa mwisho pekee haulinganishiki iwapo vipando vilianza na uzito tofauti.

Slaidi za kuiwasilisha ripoti hiyo nazo hazikunisumbua: sentensi ileile ya kila grafu ikawa kichwa, grafu ikakaa chini yake, na majedwali (ambayo aliyeketi nyuma ya ukumbi hayasomi kamwe) nikayaweka mwishoni kwa ajili ya maswali.