Benzi la bei chee, fundi wa bei mbaya

Ukishakaa ughaibuni muda kidogo utaanza kuziona: BMW 7 Series, Audi A8, Mercedes S-Class yenye viti vya ngozi, zinauzwa kwa bei ya kigari cha kwendea sokoni. Zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Mtu aliyezoea kuziona zimebeba wakubwa tu, moyo lazima umdunde. Wenyeji wa huku wanazipita bila kugeuza shingo, na vizuri wanavipenda kama sisi. Hesabu wameshaipiga.

Sisi tumelelewa na hesabu nyingine. Tulikotoka, gari likiharibika swali la kwanza ni spea: ipo? bei gani? orijino? Fundi mtaelewana, hata akishinda chini ya gari kutwa nzima. Huku spea inafika kesho yake, mara nyingi kwa bei ya kuvumilika, ila fundi analipwa kwa saa, na saa za kila kazi zinajulikana kabla hajashika spana. Kwa hiyo kwa sedani ya kifahari iliyozeeka, kujua kifaa kinachokufa kinauzwa bei gani hakutoshi. Uliza kimekaa wapi.

Chukua dizeli ya Mercedes, V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.0 iitwayo OM642, iliyoanza kutoka mwaka 2005. Ni injini ngumu, inakula kilomita. Lakini kipoza oili chake kimelala katikati ya ile V, na juu yake kumepangwa manifoldi (mabomba ya kupitishia hewa) na tabo inayoisukuma hewa hiyo kwenye injini. Sili zake za mwanzo, za rangi ya chungwa, hukakamaa kwa joto na oili ikaanza kuchuruzika nyuma ya injini. Sili zilizoboreshwa ni za zambarau, vipande vya mpira unavyoweza kuvifumbata kiganjani. Ili fundi avifikie, lazima avue kila kilicho juu, kisha avirudishe kimoja kimoja. Bili utakayopewa karibu yote ni ya kufungua na kufunga.

BMW nao kwenye dizeli ya lita 2.0, N47, iliyotoka 2007 na kuingia kwenye 520d, waliiweka cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, nyuma, upande wa giaboksi. Ikilegea, kuibadilisha ni shughuli ya kushusha injini au giaboksi. Halafu kuna petroli za V6 za Mercedes, M272 za miaka ya mwanzo, ambazo gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko huliwa meno. Hiyo nayo inataka injini itoke. Namba ya injini ndiyo inayosema kama yako imo kwenye kundi hilo, basi iombe kabla hujavipenda viti.

Springi za hewa ni habari ya kivyake. S-Class ya 1998 hadi 2005 ilikuja nazo, na mifuko ya mpira haizeeki kwa heshima. Nenda asubuhi, gari likiwa limelala bila kuguswa. Ukikuta kona moja imekaa chini, gari limeshakwambia ukweli ambao muuzaji hajausema. E-Class nyingi za kizazi cha 2002 hadi 2009 zina springi za chuma, na mimi ningechukua hizo bila kufikiri mara mbili. Tena ningechukua za baada ya maboresho ya 2006, kwa sababu za mwanzo zilikuwa na breki za umeme, SBC, ambazo pampu yake inahesabu mikanyago na ina mwisho wake.

Giaboksi ya otomatiki ya ZF ya gia 6, ambayo imo kwenye BMW, Jaguar na Audi, imezungushiwa uongo mmoja: kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye nyingi kati ya hizo, sampu, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na filta imo humo humo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Kama hakuna risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haikufanyika.

Siku ya kulitazama gari, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Gusa boneti. Likiwa la moto, kuna mlio wa asubuhi ambao hataki uusikie. Chomeka kisomaji cha kompyuta ya gari, na hata kisipoonyesha kosa lolote tazama kama majaribio ambayo kompyuta hiyo hujifanyia yenyewe yamekamilika. Yasipokamilika, huenda makosa yamefutwa hivi karibuni. Kisha inama usome matairi: tarakimu 4 za mwisho kwenye namba ya DOT, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Matairi manne ya kampuni nne kwenye gari la hadhi hii yanakueleza jinsi mwenyewe alivyolipia mengine yote.

Na kabla ya kutoa hela, pigia simu gereji mbili zisizo za kampuni, taja modeli na injini, uliza sili za kipoza oili au cheni ya taimingi ni saa ngapi. Wakishataja, zidisha kwa bei yao ya saa, ujumlishe kwenye bei ya gari, ndipo urudi kwa muuzaji mkaongee.