Tochi ya baba imewaka tena

Tochi ya marehemu baba, ile ya bati ya mawe mawili makubwa, ilikuwa imelala kabatini miaka na miaka. Jana nimeifungua. Mawe yalikuwa yamevuja, springi imeota unga mweupe, swichi haisogei kabisa.

Mawe yenyewe yalikuwa ya alkalini, ambayo uchafu wake huyeyushwa na asidi, basi nikachovya pamba kwenye siki na kupaka. Ule unga ukatoa povu, ukalainika. Nikafuta, nikakausha vizuri, halafu nikasugua kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa na swichi ikasogea. Kazi kubwa ilikuwa hapo, jamani, maana volti 3 haziwezi kupenya uchafu wote ule.

Globu ya waya nikaitoa, nikaweka ya LED yenye kitako kilekile, na mawe mapya. Giza! Moyo ulishuka. Kumbe LED ina chanya na hasi, inapokea umeme kutoka upande mmoja tu, si wowote kama ile ya zamani. Nikageuza mawe, nikasukuma swichi, ukuta mzima ukawa mweupe.

Pale kwenye swichi rangi imelika kwa kidole gumba cha baba. Hapo sikupitisha msasa.