Mkutano wa shehia tulivyouhamishia barzani

Huku kwetu Pemba, mikutano ya shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali Zanzibar, ilikuwa haina watu, na sheha anayeiongoza hesabu za michango hamsomei mtu. Nilipotaka kulitengeza hilo, alonipoteza mwanzo ni ndugu yangu wa Unguja. "Mwandikie sheha barua kali," kanambia, "nakala kwa Mkuu wa Wilaya, nakala kwa diwani, utaona watavyokimbizana." Basi nikashuka Wete mjini nikachapisha kurasa tatu, sijui elfu nne sijui elfu tano, nauli mbali. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2014 nimeitaja mara sita, na mie mwenyewe sijaisoma yote. Miezi miwili kimya. Siku nakwenda kwa sheha kutaka barua ya mwanangu, naikuta ile yangu imekunjwa mara nne, imetiwa chini ya mguu wa meza. Yakhe nilicheka mpaka sheha akaniuliza nna nini. Nikasema hamna kitu, meza yako nzuri.

Njiani ndo nikafikiri. Sheha hapigiwi kura, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, sasa mie namtisha na nini? Na si mtu mbaya, ila mikutano yake anaiweka saa nne asubuhi ofisini, tena msimu wa karafuu, watu wako juu ya mikarafuu, anakaa yeye na wazee wanne wa kamati wanamaliza, halafu eti wananchi hawaji. Na sote tumechangia saruji ya kisima, hajui mtu imefikia wapi.

Nikamrudia kwa upole. Neno uwazi sikulitaja kabisa, ukilitaja tu mtu anahisi kaitwa mwizi. Nikamwambia, "Sheha wangu, watu wanakusengenya kwa pesa usizozila, njoo uwasomee hesabu barzani wakome." Hapo akashtuka. Tukapanga baada ya alasiri, pale penye keram na kahawa, watu wapo hata usipowaita. Muadhini akatangaza baada ya Ijumaa, na bi mkubwa mmoja wa kikundi cha hisa akapita nyumba kwa nyumba, maana ukitangaza msikitini tu wanawake nusu hawapati habari.

Siku yenyewe sheha anasoma kwa sauti ya mgonjwa: saruji mifuko kumi na miwili. Kulikuwa na bibi kakaa jamvini pembeni anachambua karafuu, makonyo huku karafuu huku, hata kichwa hainui. "Mwanangu, mlango wangu unatazama kisimani. Mie nimeona mifuko tisa. Mitatu imepita njia gani?"

Keram ikasimama. Sheha anafunua daftari mbele anafunua nyuma, jasho. Mara mwalimu wa skuli, kikombe cha kahawa mkononi, akasema mitatu ipo kwake, alikopeshwa amalizie choo cha watoto, na hakuandika mtu. Akaahidi kuirejesha na akairejesha. Dakika mbili hazikufika, na sisi tumetuhumiana miezi!

Toka siku ile kila mchango unaandikwa kwenye ubao pale barzani. Wa kwanza niliutundika nje, mvua ya usiku mmoja ikafuta chaki yote, asubuhi watu wananitazama mie kama ndo nimekula. Sasa uko chini ya upenu.

Juzi ndugu yangu kapiga simu, anauliza ile barua ilisaidia? Nikamwambia sana, meza haiyumbi tena.