Nilivyoituliza misumari iliyokuwa inachomoza kwenye fremu na kabati

Fremu za milango kwangu, ule ubao wa chini ukutani na kabati moja la zamani, vyote vilikuwa na misumari imetoa vichwa, ukipita nguo inanasa. Na ilishawahi kuzibwa kabla yangu, maana ukiangalia karibu unaona kiduara cha pati, ule ujiuji wa kuzibia matundu unaokauka ukawa mgumu, kimepasuka na kichwa cha msumari kinachungulia katikati. Kwa hiyo pati mi nikaiweka pembeni kwanza, nikaanza na msumari wenyewe, maana msumari unaocheza utapasua pati yoyote ile.

Mbao haitulii, hewa ikiwa na unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, na kila ikifanya hivyo msumari usio na meno unapoteza mshiko kidogo kidogo mpaka unaanza kusogea nje. Ukiugonga tena kwenye tundu lile lile unaingia vizuri tu unafurahi, ila nyuzi za mbao zilizokuwa zinaubana zishalala, na ubao wenyewe ukiwa unacheza utatoka tena.

Nikawa napita na kidole gumba, nabonyeza ubao karibu na kila msumari. Ubao ukiwa umetulia kimya, huo msumari nauzamisha tu basi. Ubao ukicheza, napiga skrubu pembeni kidogo, ikishaukaza ubao ndio nang'oa msumari wa zamani. Kung'oa nako kuna namna yake, kata rangi kuzunguka kichwa kwa kisu kwanza isije ikabanduka bamba zima, weka kipande cha mbao chini ya plaizi au makucha ya nyundo, afu biringisha kwa upande, usivute kwenda juu kama unang'oa mhogo.

Kuna sehemu skrubu haikufaa, nikataka msumari urudi palepale. Hapo nilichukua njiti za kiberiti, nikakata vichwa, nikazipaka gundi ya mbao nikazisindilia ndani ya tundu mpaka zikagoma, nikakata zilizobaki nje usawa wa ubao nikaacha zilale mpaka kesho yake. Gundi ikishakauka unapiga msumari kama mbao mpya vile.

Ukingoni mwa ubao ndipo panapopasuka sana. Simamisha msumari kichwa chini juu ya chuma, gonga ncha kidogo iwe butu. Ncha kali inazitenganisha nyuzi na ufa unaanzia hapo, ncha butu inazisaga inapita. Kwa mbao ngumu hata hiyo haitoshi, toboa kwanza, na kama huna biti nyembamba kata kichwa cha msumari wa saizi hiyo hiyo uufunge kwenye drili, unatoboa vizuri tu.

Nyundo naiacha kichwa cha msumari kikibaki juu kidogo, kinachobaki namalizia na kile kichuma cha kuzamishia mpaka kichwa kishuke kama milimita 2 chini ya uso wa ubao. Ukitaka kumaliza na nyundo yenyewe unaacha alama ya mviringo kwenye mbao. Ikishatokea, na mbao haina rangi wala vanishi, weka kitambaa kibichi juu yake ugusishe pasi ya moto, mvuke unazivimbisha nyuzi na bonde linapanda, ila kama nyuzi zimekatika hapo hamna namna, ziba tu.

Sasa pati. Hapa watu wanachanganya sana mambo. Panapoenda rangi, nilipaka praima kwanza, ile rangi ya msingi, ndio nikajaza pati ya mafuta, sababu mbao kavu inafyonza yale mafuta na pati inabaki unga unabomoka. Vichwa vya misumari ya chuma nilivigusa na rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuziba, ukiacha hivyo hivyo doa la kahawia litakuja kutokea juu ya rangi nyeupe siku moja. Naisukuma pati kwa kidole gumba mpaka ndani kabisa isibakize hewa, juu naacha kakilima kwa sababu ikikauka inanywea, tundu refu najaza mara mbili. Ikikauka msasa namba 120, afu 220, kufuata mshipa wa mbao, ukikatiza mikwaruzo yote inaonekana.

Kabati ni la vanishi, hilo ndilo lililonisumbua. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi wengi wanausifia, mi siupendi sana kwa sehemu inayoonekana, maana gundi haipokei rangi inayopakwa kwenye mbao na ikisambaa pembeni ya tundu inaacha baka. Nilipaka vanishi mkono wa kwanza, ikakauka, ndio nikatafuta pati ya kulingana na rangi iliyotokea pale, siyo rangi ya mbao kavu. Nikachukua iliyokoza kidogo. Doa la kukoza jicho linalichukulia kama kifundo cha mbao, jeupe unaliona ukiwa mlangoni. Nikajaza, nikafuta kila tundu na kitambaa, nikapitisha mkono wa mwisho.

Matundu ya skrubu za bawaba sikuyatia pati kabisa, haishiki meno ya skrubu hata uisindilie vipi na mlango una uzito wake. Nilipanua kila tundu kwa drili, nikagonga kijiti cha mviringo cha mbao ngumu chenye gundi, nikakata usawa, kilipokauka nikatoboa katikati nikarudisha skrubu zile zile. Mlango wa kabati ulikuwa unaburuza chini, sasa unafunga wenyewe.