Kidonda cha mguu chenye asili tumboni

Mtu anayehara damu kwa wiki kadhaa, kisha akatokwa na mavimbe ugokoni, mara nyingi humpelekea daktari mguu na tumbo akalinyamazia. Ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa njia ya chakula) na ule wa vidonda vya utumbo mpana hujitokeza pia kwenye ngozi, na daktari asiyeambiwa habari za choo atatibu nusu ya mgonjwa.

Mavimbe hayo huitwa erithema nodosamu: sentimita 1 hadi 5, ya moto, yanauma yakiguswa, hayatumbuki. Vitabu husema ni mekundu. Kwenye ngozi yetu huwa ya kahawia iliyokolea au zambarau, kwa hiyo yatafute kwa vidole. Huja utumbo unapochachamaa, huondoka unapotulia. Usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni, huweza kuuchokoza utumbo upya, afadhali parasetamoli.

Vidonda vya mdomoni navyo vimo, na kwa mwenye Crohn, usaha karibu na njia ya haja kubwa. Vitaje hata ukiona haya.

Kinachonitia hofu ni pioderma gangrenosamu. Huanza kama kipele cha usaha. Siku chache baadaye ni kidonda chenye ukingo wa zambarau uliolika kwa chini, na maumivu yanayopita ukubwa wake. Chaweza kuja hata tumbo limetulia. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, watasema ni mwiba wa sato, kitakwanguliwa, na kila kikikwanguliwa kitapanuka: kinga ya mwili ndiyo inayokula nyama, na jeraha jipya huichochea. Kioshe taratibu kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Funga kwa gozi ya mafuta. Ikiganda, ilowanishe kabla ya kuibandua. Kipige picha kila baada ya siku mbili, rula ikiwa pembeni.

Tiba ni kuituliza kinga, mara nyingi kwa prednisoloni. Lakini huku ziwani vipimo vitangulie. Kichocho cha tumbo na amiba navyo huleta choo cha damu; kifua kikuu huweza kuleta mavimbe yaleyale ya ugokoni, na prednisoloni humwamshia mtu kifua kikuu kilicholala. Choo kipimwe, kifua kipimwe, na ikibidi daktari akate kipande kidogo ukingoni mwa kidonda kikachunguzwe. Ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, nenda na picha zako, na useme unakwenda chooni mara ngapi kwa siku, za usiku zikihesabiwa.