Bila uzoefu, na kwa pasipoti ya Kongo

Lubumbashi, Jumapili, baada ya misa

Kuna maneno mawili yaliyonifuata karibu mwaka mzima: "uzoefu hauhitajiki". Ukitafuta kazi ya kufundisha Kiingereza nchi za nje utayakuta kila mahali, kwa herufi nene, na chini yake picha ya kijana anayecheka na watoto wa Bangkok au Hanoi. Mimi nina lisansi (digrii) ya Kiingereza ya ISP, chuo cha ualimu hapa Lubumbashi, na sijawahi kuajiriwa popote, kwa hiyo niliamini kabisa kwamba wananiita mimi. Naandika leo kwa sababu mambo yangu yameanza kukaa sawa, na kwa sababu wadogo zangu wa ISP hawachoki kuniuliza kwenye WhatsApp: yaya (dada mkubwa), ulifanyaje?

Kwanza niseme lile ambalo matangazo yanalificha mpaka ukurasa wa mwisho. Uzoefu ni kitu cha nyuma kabisa kuulizwa. Cha kwanza ni pasipoti. Chukua Korea Kusini: viza yao ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa upande wa Kiingereza hupewa raia wa nchi 7, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Unaweza ukamsoma Shakespeare mpaka ukamwota usiku, lakini ukitokea Katuba, hapa Lubumbashi, mlango huo si wako. China wanataka mwalimu afundishe lugha aliyozaliwa nayo, awe na digrii, na awe amefundisha miaka 2. Hiyo miaka 2 wanaweza kukusamehe ukiwa na digrii ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha. Ona hapo: kutokufundisha kunasameheka, kuzaliwa Lubumbashi hakusameheki. Siku nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kulala.

Wengine wakaniambia: basi fundisha kwa intaneti, ukae hapo hapo nyumbani. Ni kweli zamani kulikuwa na soko kubwa la watoto wa China waliosomeshwa Kiingereza kwa video na walimu walioko nje. Mwezi wa 7 mwaka 2021 serikali yao ilibana masomo ya ziada na ikakataza kampuni kutumia walimu walio nje ya nchi kwa watoto wa shule. Soko likaanguka pale pale. Na hata lingebaki, umeme wa mtaani kwetu una ratiba yake ambayo haijawahi kumwambia mtu.

Thailand ilinipa moyo kidogo. Huko wasiozaliwa na Kiingereza wanapokelewa, na Wakameruni wengi wanafundisha huko, ila lazima uonyeshe alama za mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. IELTS inakwenda mpaka 9, na matokeo yake yanatazamwa kwa miaka 2 tu, kisha unarudia na kulipa upya. Nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya mtihani na tiketi ya ndege. Ndipo akanitafuta bwana mmoja aliyejiita ajenti. Maneno yake yalikuwa matamu: tuma nusu ya pesa, ingia na viza ya utalii, kibali cha kazi kitakukuta huko huko. Nilimpelekea Papa, baba yangu, simu asome mwenyewe. Papa ameendesha malori kati ya hapa na Durban tangu sijazaliwa, na kama kuna kitu anakijua duniani ni mipaka. Alisoma, akanirudishia simu, akasema, "Mtoto wangu, karatasi inatangulia, mtu anafuata. Huyu anataka wewe utangulie." Tulimfungia namba.

Baadaye nilisoma sheria za nchi kadhaa nikakuta Papa alisema kweli. Kwa China, kwa mfano, viza ya kazi, Z, unaipata kabla hujapanda ndege. Kufundisha ukiwa na viza ya matembezi ni kosa, na siku ukikamatwa ajenti hapokei simu.

Kuhusu vyeti nitakuwa mfupi, maana ndiyo sehemu ambayo watu wanaipa uzito kuliko inavyostahili. Kile cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, cha saa 120, unakisomea kwenye simu, na nilikisoma, nikinunua mega za intaneti usiku zikiwa bei nafuu. Kilinifundisha kupanga somo kwa hatua, na kupima kama mwanafunzi ameelewa bila kumuuliza "umeelewa?", kwa sababu wote hujibu ndiyo. Ni elimu nzuri. Lakini unaweza kukimaliza bila kusimama mbele ya binadamu hata mmoja. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ndiyo inayoheshimika zaidi, kwa sababu ndani yake kuna saa 6 za kufundisha watu wa kweli huku mkufunzi anakutazama. Bei yake mara nyingi inapita dola 1,000. Kwetu hizo ni pesa za kuanzisha biashara.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nani hasa hana uzoefu. Sisi wa ISP hatupati diploma bila staji, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Mimi nilisimama katika kelasi ya wanafunzi zaidi ya sitini, watatu watatu kwenye benchi moja, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na mwalimu msimamizi amekaa nyuma ana fishi yangu ya maandalizi (karatasi ya mpango wa somo) mkononi anafuata dakika kwa dakika. Fishi ikisema dakika 5 za marudio, na wewe ukatumia 8, anaandika. Kijana wa kwenye tangazo, yule anayecheka, amesoma saa 120 kwenye simu na anaitwa mwalimu. Mimi nilikuwa najiandika kwenye barua zangu zote "sina uzoefu". Nikalifuta hilo. Badala yake nikaandika staji: shule, madarasa, idadi ya wanafunzi, nilichofundisha.

Na nikaongeza madereva.

Hawa ni marafiki wa Papa, madereva na madeklara (mawakala wa forodha) wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Jumamosi jioni walikuwa wanakuja kwetu, tunakaa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa ukutani. Wala hawakutaka kujua habari za Malkia wa Uingereza. Walitaka kumweleza polisi wa Zambia kwa nini taa moja imekufa, kusoma namba ya lakiri kwenye kontena kwa sauti bila kurukaruka, kubishana kwenye mizani ya barabarani wakiambiwa wamezidisha uzito. Mzee mmoja, mkubwa kuliko Papa, alikuwa anasimama wima kila akitaja namba, kama yuko mbele ya afisa, na akikosea moja anaanza upya toka mwanzo hata ningemwambia aendelee. Wananiita Madame. Wananilipa franga walizonazo, na mara nyingine unga. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni darasa la Kiingereza la watu wazima wenye mahitaji maalumu ya kazi. Nchi nyingine kuna watu wanalipia kozi nzima wajue kufanya hivyo.

Kilichofungua mlango kilitoka upande ambao sikuutazama. Mama mmoja wa soko la Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi) ana mtoto wa kiume anayesoma bweni Kitwe, Zambia. Watu wa hapa wanajua desturi hiyo: familia yenye uwezo kidogo inampeleka mtoto Zambia apate Kiingereza, maana kule ndiyo lugha rasmi na ndiyo lugha ya shule. Lisilosemwa ni kwamba mtoto anafika huko na Kifaransa chake na Kiswahili chake, anakaa nyuma, na miezi inapita haongei. Walimu wanafikiri ni mzito. Huyu kijana alikuwa wa kwanza darasani hapa kwetu. Likizo akaletwa kwangu, nikafanya naye kazi, na akarudi shule anajibu. Mama yake akamweleza mkuu wa shule. Mkuu akapiga simu akiuliza kama ninaweza kuja kuonyesha somo moja.

Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, na foleni ya malori unaikuta kabla ya kuuona mpaka. Ukivuka tu, magari yanahamia kushoto, na mwili unachukua muda kukubali. Kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Kwenye basi nilizungumza Kibemba cha bibi yangu na mama aliyekaa jirani, akacheka matamshi yangu, akaninunulia karanga.

Somo lilikuwa la watoto waliotoka kwetu, wa umri mbalimbali, wamekusanywa chumba kimoja, na mkuu wa shule ameketi pembeni na daftari. Niliingia na rula, sanduku la viatu na kalamu tatu. Nilikuwa nimejiwekea sharti: dakika kumi za mwanzo hakuna Kifaransa kinywani mwangu. Nikaweka kalamu ndani ya sanduku nikasema kwa Kiingereza iko wapi, nikaiweka juu, nikaiweka chini, nikampa binti mmoja aniamuru mimi niiweke. Kuamuru mwalimu ni raha ya mtoto yeyote. Kijana mmoja wa mwisho akamnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili, "Mwambie aiweke kichwani." Nilisikia, sikumtazama, nikaipandisha kalamu kichwani pangu na kusema sentensi yenyewe kwa Kiingereza. Alishtuka. Akajua ninasikia kila kitu. Baada ya hapo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na sentensi aliyotoa ilikuwa ile ile, kamili.

Tulipofika kwenye umri, wote walisema kwa Kiingereza kwamba "wana" miaka kumi, "wana" miaka kumi na moja, kama tunavyosema Kiswahili na kama Kifaransa kinavyosema, wakati Kiingereza husema mtu "ni" miaka kumi. Mwalimu wa Kitwe angesahihisha na kuendelea. Mimi nilijua kosa linatokea wapi kwa sababu nililifanya miaka yote ya sekondari, na nilijua pia ni makosa yapi manne au matano yanayokuja nyuma yake. Mkuu wa shule alipoongea na mimi baadaye hakugusia pasipoti yangu kama kasoro. Aliuliza ni lini ninaweza kuanza. Nitafundisha Kifaransa madarasa ya juu, kwa sababu walimu wa Kifaransa anawatafuta na hawapati, na kila asubuhi Kiingereza kwa watoto wapya kutoka Kongo. Mshahara kwa kwacha, si mkubwa, na chumba ndani ya bweni.

Shangazi zangu wamekata tamaa na mimi. "Kitwe nayo ni ng'ambo? Si tunakwendaga kule kununua mafuta na biskuti?" Kichwani mwao walikuwa wameshaniona nikiwa na koti la baridi. Mimi naona ni ng'ambo kabisa: pesa nyingine, sheria nyingine, upande mwingine wa barabara, na ofisi ya uhamiaji isiyojua jina la papa yangu.

Sasa niko kwenye karatasi, na hapa wadogo zangu msome vizuri. Vyeti vya nje vinapimwa kwanza na mamlaka yao ya vyeti, ZAQA. Kisha mwalimu lazima aandikishwe kwenye Baraza la Walimu la Zambia, linalotokana na sheria ya mwaka 2013. Bila hilo husimami darasani, hata shule ikupende namna gani. Kibali cha ajira kinaombwa uhamiaji kikiwa na jina la mwajiri. Sisi wa mfumo wa zamani wa vyuo vya Kongo tuna tatizo letu: graduat miaka 3, lisansi miaka 2 juu yake, na fomu ya Zambia ina kisanduku cha digrii ya kwanza na cha ya pili, basi. Niliambatanisha barua ya kueleza miaka yote 5, pamoja na karatasi za pointi (alama za masomo) za kila mwaka. Ombeni karatasi hizo mapema, zote, msingoje kazi itokee. Katibu wa shule yoyote ana Jumatatu zake.

Na vyote lazima vitafsiriwe kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mimi, mwenye lisansi ya Kiingereza, siruhusiwi kutafsiri lisansi yangu ya Kiingereza. Ni lazima mtafsiri aliyeapishwa, na analipwa kwa ukurasa. Nimepitia kazi yake ya diploma ya kwanza nikakuta kosa la kisarufi kwenye mstari wa pili. Nilimwonyesha kwa adabu, "Papa, samahani, hapa." Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akasahihisha, akagonga muhuri upya. Bei haikupungua.

Jana niliwaandikia shule kuuliza jambo moja lililokuwa halimo kwenye barua yao: kibali cha ajira kinalipwa na nani, mimi au wao? Papa ndiye aliyeniambia nisisaini kabla ya kujua. Wamejibu leo asubuhi kwamba watalipa wao, na nikiacha kazi kabla ya mwaka kuisha nitarudisha nusu. Nimeomba waliandike hilo ndani ya mkataba. Kesho narudi kwa mtafsiri na zile karatasi za pointi.